Usifyeke Kivumbasi: Shauri juu ya Maua ya Mwisho wa Masika

Kazi yangu ni ya bwana shamba, na kazi ya bwana shamba ni kutoa mashauri. Lakini leo imenipasa kwanza kukiri kosa, ndipo nitoe shauri; maana shauri la mtu asiyekiri makosa yake halina uzito.

Kosa langu ni hili. Kwa miaka mingi nimewafundisha watu kufyeka kila kitu kilichoota pembeni mwa shamba. Nilipenda kusema, "Mkulima hodari hujulikana kwa mipaka yake." Nilipoona kichaka cha kivumbasi kando ya nyumba au mpakani mwa bustani, nilikiita gugu, nikaagiza king'olewe. Sasa nasema kinyume cha maneno yangu ya zamani: kivumbasi kiachwe, na pale ambapo hakipo kipandwe.

USAFI NA KIPIMO CHAKE

Mwaka 1879 msafiri Mskoti, Joseph Thomson, alifika katika nchi hii ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Alistaajabia vijiji alivyoviona: migomba iliyotunzwa vizuri, nyumba zilizojengwa kwa ustadi, na viwanja safi visivyo na takataka. Aliyaandika hayo katika kitabu chake, na hata leo hatuoni haya kuyakumbuka. Mama wa Kyela huamka alfajiri, hushika ufagio kabla ya kushika sufuria, na mgeni apitapo huona kwamba hapa wanakaa watu wenye adabu.

Sina neno juu ya usafi huo. Lakini kila jambo jema lina kipimo chake, hata chumvi. Ufagio una mahali pake, napo ni kiwanja cha nyumba. Siku tulipouchukua ufagio na panga na kiberiti tukavipeleka mpaka kwenye ukingo wa bustani, kando ya mfereji na chini ya mikakao, tulivuka kipimo.

Wala sisemi kwamba kufyeka na kuchoma ni kosa siku zote. Katika nchi za pamba, kung'oa mabua ya zamani na kuyachoma baada ya mavuno ni kanuni njema, kwa kuwa huwanyima wadudu waharibifu mahali pa kungojea msimu mpya. Kosa ni kuichukua kanuni ya zao moja na kuitumia kila mahali, bila kuuliza ni nani anayekaa katika majani yale tunayoyachoma.

MAMA MMOJA NA MABOGA YAKE

Nililijua kosa langu kwa kufundishwa na mama mmoja mzee, ambaye shamba lake halipo mbali na Ipinda. Mama huyu alikuwa na desturi ya kupanda maboga na matango katika udongo wenye unyevu baada ya mpunga kuvunwa. Kwa fedha ya maboga hayo alikuwa akiwanunulia wajukuu wake madaftari na sare za shule. Ukingo wa bustani yake ulikuwa umejaa vivumbasi virefu kuliko mtu. Nilimwambia avifyeke, naye akatii, kwa kuwa nilikuwa nimevaa viatu vya kazi na nimeshika daftari.

Mwaka uliofuata aliniita. Mimea yake ilikuwa imetambaa vizuri, majani mabichi, maua tele. Lakini vijiboga vilivyotokea chini ya maua vilikuwa vikigeuka rangi ya manjano na kuanguka vikiwa vidogo kama kidole gumba. Nilidhani ni ugonjwa. Nikatazama mizizi, nikatazama majani, nisione kitu. Ndipo mama akaniambia, "Mwanangu, keti hapa tangu jua kuchomoza, uhesabu wageni wanaoingia katika maua haya." Nikaketi. Mpaka maua yalipofunga, wageni niliowaona walikuwa wachache mno.

Kesho yake, mapema, nilichuma maua ya kiume, nikayaambua majani yake ya manjano, nikayagusisha katika maua ya kike kwa mkono wangu. Nikayafunga uzi maua niliyoyagusa, ili niyajue. Baada ya juma moja, mengi ya yale yenye uzi yalikuwa yameshika, na jirani zake yasiyoguswa yalikuwa yameanguka. Ugonjwa haukuwapo. Waliokosekana ni nyuki.

Siapi kwamba ni kivumbasi peke yake kilichowaondoa. Mwaka ule majirani nao walichoma kingo zao, na dawa ilinyunyiziwa karibu. Lakini najua ni nani aliyeagiza nyumba ya chakula chao ifyekwe. Mama yule hakunikaripia. Alisema tu, "Ulinifundisha kuwafukuza, sasa nifundishe kuwaita." Waraka huu ni jibu langu kwake.

KAZI YA NYUKI

Wengi hudhani ua likitokea, tunda litakuja lenyewe. Sivyo. Katika mmea wa boga yapo maua ya kiume na maua ya kike. Ua la kike utalijua kwa kijiboga kidogo kilicho chini yake. La kiume limesimama juu ya kikonyo chembamba. Ua la kiume lina chavua, yaani ule unga wa manjano unaoshika vidoleni. Unga huo usipofika katika ua la kike, kijiboga hufa. Upepo hauwezi kuuchukua, kwa kuwa ni mzito na unanata. Tena ua la boga hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri au karibu yake, wala halifunguki siku ya pili. Basi kazi yote ya mwaka ya ua moja hutegemea mdudu apite katika saa hizo chache. Na si mmoja tu: nyuki wakipita mara nyingi, boga hukua vizuri pande zote, wakipita mara chache, hukua likiwa limepinda au dogo.

Kwa hiyo mimi humwita nyuki mkunga wa shamba. Wazee walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Sisi tumewatukana wakunga wetu kwa panga na moto, na uzazi ungalipo: maboga, matango, matikiti na mengineyo. Mwaka 2016 wataalamu wa mataifa mengi walitoa taarifa kwamba zaidi ya robo tatu ya aina kuu za mazao ya chakula duniani hutegemea, kwa kiasi kikubwa au kidogo, wadudu na wanyama wengine wanaobeba chavua. Mpunga wetu haumo katika hesabu hiyo, maana hujichavusha wenyewe. Lakini nani alaye wali mtupu mwaka mzima?

KWA NINI MWISHO WA MASIKA

Ninyi mwajua jinsi mvua ya nchi hii ilivyo. Mahali pengi Kyela hupata zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka, na mwezi wa Aprili mvua hupiga usiku na mchana. Nyuki haruki katika mvua kubwa. Hukaa ndani ya mzinga akila akiba yake, na utomvu mtamu wa maua huoshwa na maji. Mvua ipungukapo mwezi Mei na Juni, nyuki hutoka wakiwa na njaa. Hapo ndipo nasi tunapotoka na mapanga. Mpunga umevunwa, twataka kusafisha. Twafyeka kingo, twachoma majani, twaingiza ng'ombe mashambani. Nyuki mwenye njaa akikuta majivu, huhama. Au kundi lake hupungua, na maboga yatoapo maua katika kiangazi hayupo wa kuyahudumia.

Basi hitaji letu ni mmea wa kwetu, unaostahimili mvua nyingi, unaotoa maua masika yanapokwisha na kuendelea kuchanua katika kipupwe. Mmea huo tunao, na wengi wetu tumekuwa tukiung'oa.

KIVUMBASI NI MMEA GANI

Kila mtu hapa anakijua kivumbasi, ingawa kila kabila lina jina lake. Ni mmea wa jamii ya mrehani, mkubwa kuliko mrehani wa bustani; hufika kimo cha mtu na zaidi, na shina lake huwa gumu kama mti. Ukisugua jani lake hunukia kwa nguvu, karibu kama karafuu. Maua yake ni madogo, meupe yenye kuelekea manjano, nayo yamepangika katika masuke marefu. Hayapendezi sana kwa macho, na labda ndiyo sababu tuliyadharau. Lakini simama karibu nayo saa tatu asubuhi, usikilize. Utasikia uvumi. Watakuja nyuki wa asali, na nyuki wadogo wasiouma, na vipepeo, na nyigu wembamba wanaowinda viwavi. Kwa kuwa masuke hufungua maua machache machache kutoka chini kwenda juu, chakula hakiishi kwa siku moja.

Tena kina faida nyumbani. Watu wengi huweka matawi yake ndani ili kupunguza mbu, na wazee huchanganya majani makavu na maharage ghalani ili wadudu wasitoboe. Ng'ombe na mbuzi hawapendi kukila kwa ajili ya harufu yake. Basi hakihitaji ua wa kukilinda.

Mtu ataniuliza, "Kwa nini nisipande lantana, yenye maua mazuri ya rangi mbili au tatu?" Namjibu: lantana ni mgeni kutoka Amerika. Vipepeo huipenda, ni kweli, lakini huenea ikawa kichaka kisichopitika, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe. Ukitaka mwenzi wa kivumbasi, panda marejea, ambayo ni ya Afrika yenyewe. Maua yake ya manjano hupendwa na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa boriti za nyumba, nayo hurutubisha udongo. Wamisionari wa Peramiho waliisifu na kuieneza miaka mingi kwa wakulima wa kusini.

NAMNA YA KUPANDA

Mbegu. Masuke yakikauka na kuwa ya rangi ya kahawia, yakate, uyasugue katika viganja juu ya ungo. Mbegu ni ndogo mno. Mwezi Novemba au Desemba, mvua zianzapo, zisie katika kitalu chenye udongo laini. Usizifukie, zitawanye juu, uzifunike na mchanga kidogo sana, kisha nyunyiza maji polepole zisichukuliwe. Baada ya juma moja au mawili utaona miche. Ikiwa na majani sita, ihamishe.

Vipandikizi. Njia ya upesi zaidi ni kukata ncha za matawi machanga, urefu wa shibiri moja. Ondoa majani ya chini, chomeka nusu katika udongo wenye unyevu kivulini. Baada ya majuma mawili au matatu vitakuwa na mizizi.

Mahali. Kivumbasi hakipendi kusimama majini. Kwa hiyo katika nchi tambarare inayofurika, kipande juu ya tuta, au ukingo wa mfereji ulioinuka, au nyuma ya jiko. Kipe jua. Kati ya mche na mche acha futi tatu. Miche kumi yatosha kuanza kwa bustani ya nyumba moja.

Utunzaji. Palilia mpaka kishike. Maua yakiisha, kata theluthi moja ya juu, kitachipua tena. Acha masuke machache kwa mbegu. Miche itakayoota katikati ya bustani yenyewe ing'oe ingali midogo, maana mahali pake ni ukingoni.

MANENO YA WAPINZANI

Wengine watasema kichaka karibu na nyumba huleta nyoka. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Basi usikipande mlangoni. Kiwe mbali hatua kumi au zaidi, nawe ukate matawi ya chini ili pawe wazi. Nyoka hutafuta panya na mahali pa kujificha. Shina lililo wazi chini halimfichi.

Wengine watasema nyuki watawauma watoto. Nyuki aliye juu ya ua yuko kazini, wala hana ugomvi na mtu asipomshika au kumkanyaga. Hatari iko penye kiota au mzinga, si penye ua. Wafundisheni watoto kutazama bila kugusa.

Wengine watasema ardhi yetu ni ndogo. Ni kweli, watu ni wengi na mashamba yamegawanyika. Lakini sikuombi shamba. Nakuomba ukingo, ule ambao kila mwaka waupigia panga bila kuvuna kitu.

NENO JUU YA KAKAO NA DAWA

Kwa kuwa Kyela ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania, sharti niseme neno. Ua la kakao, lile dogo linalotoka kwenye shina, halichavushwi na nyuki wa asali. Yeye ni mkubwa mno kwa mlango wake. Mkunga wake ni usubi mdogo kama kichwa cha pini. Ua lisilofikiwa naye huanguka baada ya siku moja au mbili, na hata katika hali ya kawaida, katika maua 100 hayafiki 5 yanayokuwa matunda. Usubi huyu huzaliana katika majani yanayooza na penye unyevu. Basi chini ya mikakao usifagie. Acha majani yaliyoanguka, na mashina ya migomba iliyokatwa yakate vipande uyaache yaoze humo. Lakini matunda yaliyopatwa na ugonjwa wa kuoza na kuwa meusi yatoe shambani na kuyafukia, yasieneze ugonjwa. Hapa kivumbasi hakitoshi; ila fundisho ni lilelile, kwamba tusifagie mahali pa uzazi.

Na kama huna budi kunyunyizia dawa, usinyunyizie asubuhi wakati maua yako wazi. Ngoja jioni, nyuki wakiwa wamerudi, wala usielekeze bomba kwenye kivumbasi. Soma maandiko ya chupa, au umwombe mwanafunzi akusomee, maana ziko dawa zinazokaa na sumu yake siku nyingi. Kumwita nyuki kwa maua kisha kumpa sumu ni sawa na kumkaribisha mgeni ili umdhuru.

MWISHO

Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 20 Mei kuwa Siku ya Nyuki Duniani, nayo iliadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2018. Sisi wa Kyela hatuhitaji kwenda mbali kuiadhimisha. Siku hizo mvua zinapungua, na panga linanolewa. Kabla ya kulinyanyua, tembea ukingo wa shamba lako asubuhi moja, usimame penye kila mmea wenye maua, usikilize. Penye uvumi, pita. Fyeka mahali pengine.

Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Nami naongeza: hata asiye na mzinga hula jasho la nyuki, katika boga na katika tango. Mama yule wa karibu na Ipinda amekwisha kupanda upya ukingo wake, kwa vipandikizi nilivyomletea mwenyewe mikononi. Vimeshika. Kiwanja chake bado kinafagiwa kila alfajiri, na ufagio wake sasa unaishia pale vivumbasi vinapoanza.